Tuliyoyangoja kwenye simu na tableti, na lile tulilosahau kuomba



Kila mwaka kuna msimu ambapo sisi waandishi wa programu hugeuka watoto wanaongoja Krismasi. Mwezi wa Mei Google hufanya mkutano wao, Juni Apple hufanya wao, na kabla ya hapo kila mtu huwa na orodha yake: toleo jipya la mfumo wa simu lilete hiki, la tableti lilete kile. Mimi pia huwa na orodha. Lakini safari hii nilipoketi kuiandika, nilijikuta nikijiuliza maswali mengine. Je, yale tuliyoyaomba miaka iliyopita yalikuja? Yalichukua muda gani? Na yalipokuja, yalimfikia nani?

Kwa hivyo leo sitabiri chochote. Leo tunarudi nyuma. Chukua kikombe chako cha chai, maana hadithi hii ina vituo kadhaa.

Kunakili na kubandika

Tuanze na kisa ambacho hunichekesha mpaka leo. iPhone ya kwanza ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007. Dunia nzima ilishangaa: skrini ya kugusa kwa kidole, ramani, kivinjari kinachofungua kurasa za wavuti kama zilivyo kwenye tarakilishi. Lakini simu hiyo ya ajabu haikuweza kunakili neno moja na kulibandika mahali pengine. Ukitumiwa anwani kwa barua pepe na unataka kuiweka kwenye ujumbe, ulitafuta kalamu au uliikariri. Haikurekodi video pia, wala hukuweza kuiwekea programu ya mtu mwingine. Duka la programu lilifunguliwa Julai 2008, likiwa na programu 500 hivi.

Sasa, kunakili na kubandika si jambo la jana. Larry Tesler na mwenzake Tim Mott walilitengeneza katikati ya miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC huko California, ndani ya programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy. Simu za Palm zilikuwa nalo. Za Windows Mobile zilikuwa nalo. Hata zile Nokia za Symbian zilikuwa na kibonye chenye picha ya penseli: unakifinya huku ukisogeza kijiti cha katikati, maneno yanachaguliwa, unanakili. Kwa hiyo watu waliuliza, na walikuwa na haki kuuliza, iweje kampuni tajiri namna ile ishindwe na kitu ambacho Nokia ya mjomba inaweza?

Jibu ni kwamba ugumu haukuwa kwenye kuandika msimbo. Ugumu ulikuwa kwenye kidole. Kwenye Palm ulitumia kijiti chembamba. Ukikiburuta juu ya maandishi, simu ilijua unachagua maneno. Kwenye iPhone, kuburuta kidole kulikuwa tayari kumepewa kazi ya kusogeza ukurasa. Kubonyeza na kushikilia kulikuwa kumepewa kazi ya kuleta ile lenzi ya kukuza maandishi. Kila ishara ya kidole ilikuwa na mwenyewe. Ukitaka kuongeza jambo jipya, ilibidi utafute nafasi bila kumfukuza mpangaji aliyemo.

Suluhisho lilikuja tarehe 17 Juni 2009 na iPhone OS 3.0: gusa neno mara mbili, vinatokea vishikio viwili pembeni mwake, na kiputo chenye maneno ya kukata, kunakili na kubandika. Ulikuwa umesubiri miaka miwili kasoro siku 12. Lakini angalia simu uliyo nayo mkononi sasa, hata kama ni Android. Vile vishikio viwili viko hapo.

Upande wa Android mambo hayakuwa tofauti sana. Simu ya kwanza ya Android, ile G1 iliyotengenezwa na HTC na kuuzwa Marekani kuanzia Oktoba 2008, ilikuwa na kibodi ya vibonye halisi inayochomoza pembeni. Wengi walidhani ni pambo. Si pambo! Android 1.0 haikuwa na kibodi ya kwenye skrini kabisa. Ilikuja Aprili 2009 na toleo la 1.5, lililoitwa Cupcake, na papo hapo Google wakaruhusu mtu yeyote atengeneze kibodi yake. Wenye iPhone walingoja ruhusa hiyo mpaka iOS 8, Septemba 2014.

Somo la kwanza basi ni hili: kipengele kinachotajwa kwa maneno mawili kinaweza kudai miaka miwili. Kukitaja ni rahisi, kukipatia mahali ndiyo kazi.

Jiko moja, sufuria nyingi

Ombi la pili lililopigiwa kelele ni kuendesha programu nyingi kwa wakati mmoja. Kwenye iPhone za mwanzo, ukiwa unasikiliza redio ya mtandaoni halafu ukafungua barua pepe, redio ilikatika. Karibu kila programu uliyoiacha ilikufa.

Ukiuliza kwa nini, angalia vipimo. iPhone ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya megabaiti 128 tu, na sehemu kubwa ililiwa na mfumo wenyewe. Halafu kuna betri. Programu inayofanya kazi kichinichini bila wewe kuiona inakula betri hiyo hiyo, na simu ikizima saa nane mchana mtumiaji hailaumu programu, anailaumu simu.

Waliotatua jambo hili kwa namna ya kupendeza zaidi walikuwa Palm. Juni 2009 walitoa Palm Pre yenye mfumo wa webOS, ambamo kila programu ilikuwa kama karata mezani. Unapitia karata zako kwa kidole, na usiyoitaka unairusha juu, inaondoka. Matías Duarte, aliyeongoza usanifu ule, alihamia Google mwaka 2010, na ukitazama leo namna unavyofunga programu kwenye simu yako, utaona zile karata bado zinarushwa.

Apple wao walijibu Juni 2010 na iOS 4, na jibu lao linafaa kuelezwa kwa yeyote anayesomea kazi hii. Fikiria mtu mwenye jiko moja la makaa na sufuria tatu. Hawezi kuzipika zote kwa pamoja, lakini pia hahitaji kumwaga moja ili apike nyingine. Anaitoa jikoni, anaifunika, anaiweka kando na chakula chake ndani. Akiihitaji, anairudisha motoni ilipoachia. Ndivyo iOS 4 ilivyofanya: programu uliyoiacha iligandishwa, ikabaki kwenye kumbukumbu bila kutumia prosesa. Chache tu ndizo ziliruhusiwa kuendelea kuchemka: za muziki, za kupiga simu kwa intaneti, za kufuatilia mahali ulipo. Nafasi ikiisha, sufuria iliyokaa kando muda mrefu ndiyo inayomwagwa.

Lakini hapa ndipo nataka usimame kidogo, msomaji. iOS 4 haikuletwa kabisa kwa iPhone ya kwanza, iliyokuwa na umri wa miaka mitatu tu. Na wenye iPhone 3G waliipata, ila bila hiki kipengele cha programu nyingi. Walikiomba pamoja na wengine, walingoja pamoja na wengine, kikaja, kikawapita mlangoni. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Tableti na kikokotoo kilichochelewa miaka 14

iPad ilianza kuuzwa tarehe 3 Aprili 2010. Mfumo wake ulikuwa ule ule wa simu uliotanuliwa, na watu wakaanza mara moja kuomba iwe kama tarakilishi: mafaili, madirisha, programu mbili pembeni kwa pembeni.

Google walijaribu njia nyingine. Februari 2011 walitoa Android 3.0, Honeycomb, iliyotengenezwa kwa ajili ya tableti pekee, ikaanzia kwenye Motorola Xoom. Ilikuwa na haraka kiasi kwamba Google walikataa kutoa msimbo wake hadharani wakati huo kama walivyozoea. Kabla mwaka haujaisha wakaunganisha simu na tableti tena katika Android 4.0. Kwa hiyo mfumo wa tableti peke yake uliishi chini ya mwaka mmoja.

HP nao, waliokuwa wameinunua Palm, walileta TouchPad yenye webOS tarehe 1 Julai 2011. Tarehe 18 Agosti wakatangaza kwamba wanaiacha. Siku 49 tu! Zilizobaki zikauzwa kwa dola 99, watu wakazigombania kama mkate wa moto, na mafundi wa kujitolea wakaziwekea Android. Nasikitika kila nikikumbuka, kwa sababu ule ulikuwa mfumo mzuri. Lakini mfumo mzuri hauishi kwa uzuri wake. Unaishi kwa hesabu za kampuni inayoulipia.

Na iPad? Programu mbili pembeni kwa pembeni zilikuja na iOS 9, Septemba 2015, wakati ule kwa iPad Air 2 pekee kati ya zilizokuwa sokoni mapema mwaka huo. Samsung walikuwa na kitu kama hicho kwenye baadhi ya Galaxy Note tangu 2012, na Android yenyewe ikakipata rasmi katika toleo la 7.0, Agosti 2016. Programu ya mafaili ya iPad ilikuja 2017. Jina lake yenyewe, iPadOS, 2019. Madirisha halisi unayoyapanua na kuyasogeza upendavyo, pamoja na safu ya menyu juu ya skrini, yalifika na iPadOS 26, Septemba 2025. Na kikokotoo, programu ya kujumlisha na kutoa ambayo kila simu ya mulika mwizi huja nayo, Apple waliiweka kwenye iPad Septemba 2024. Miaka 14. Mwanafunzi aliyeanza darasa la kwanza iPad ilipotoka alikuwa amemaliza sekondari.

Sicheki kwa kudharau. Ninasema tu kwamba historia inaonyesha mambo mengi tunayoyaomba huja. Anayengoja kwa subira, na aliye na pesa ya kununua kifaa kipya kila mara, hatimaye hupata.

Huku kwetu

Wakati wenzetu wanabishana juu ya madirisha, huku kwetu ilikuwa bado tunangoja simu yenyewe. Kwa Wakenya wengi Android iliingia mwanzoni mwa 2011, Safaricom walipoanza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Skrini yake ilikuwa ndogo kama kiberiti kikubwa, mfumo wake Android 2.2. Mjomba wangu aliileta nyumbani nikiwa bado shule ya msingi, akatuonyesha jinsi simu inavyoweza kugawa intaneti kwa kipakatalishi bila waya. Mimi sikulala usiku ule. Naamini ndipo nilipochagua kazi hii, ingawa nilidhani wakati huo nimechagua simu.

Kutoka hapo simu janja zikawa za kila mtu, na ndipo ombi moja ambalo Wamarekani waliliona la kitaalamu likawa la maisha na heshima kwetu. Nazungumzia ruhusa.

Kwenye Android za zamani, ukiweka programu uliletewa orodha: itasoma ujumbe wako, itasoma namba za watu wako, itajua ulipo. Ulikuwa na chaguo mbili, kukubali yote au kuondoka. Watu waliomba wawe na uwezo wa kukubali hili na kukataa lile. Mwaka 2013 mafundi wakagundua kwamba ndani ya Android 4.3 kulikuwa na ukurasa uliofichwa unaofanya jambo hilo hasa. Furaha haikudumu. Desemba ya mwaka huo huo, toleo la 4.4.2 likauondoa, Google wakaeleza kwamba ulikuwa wa majaribio na ungeweza kuharibu programu. Ruhusa za kuombwa moja moja zilikuja Oktoba 2015 na Android 6.0. Hata hivyo programu iliyotengenezwa kwa kanuni za zamani iliendelea kupewa yote kwa mkupuo, mpaka duka la Google lilipoanza mwaka 2018 kulazimisha kanuni mpya.

Katikati ya pengo hilo ndipo programu za mikopo ya haraka zilipostawi. Ulikopa shilingi elfu mbili, programu ikachukua namba zote kwenye simu yako. Ukichelewa siku tatu, bosi wako anapigiwa. Shemeji anapigiwa. Mchungaji anapigiwa. Wengi wenu mnajua mtu aliyepitia aibu hii, na pengine mmepitia wenyewe. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zilipiga marufuku kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdeni. Google nao wakakataza programu za mikopo kugusa namba na picha za mtumiaji kuanzia tarehe 31 Mei 2023. Ukihesabu kuanzia ule ukurasa uliofichwa, ni karibu miaka kumi.

Niseme wazi kwamba kisanduku cha "Ruhusu" na "Kataa" peke yake hakikutosha. Mtu mwenye mtoto mgonjwa na hana pesa atabofya "Ruhusu" hata mara kumi. Ilihitajika sheria pia. Lakini bila kile kisanduku, sheria isingekuwa na mahali pa kushikia.

Lile tulilosahau

Sasa turudi kwa wale wenye iPhone 3G waliopitwa mlangoni.

Ukitazama orodha zote za maombi za miaka ile, utaona kunakili, madirisha, kibodi, rangi, picha za nyuma. Ombi moja halikupata kelele za kutosha: kwamba toleo jipya limfikie aliye na simu ya bei nafuu. Mei 2011 Google na washirika wao waliahidi kwamba simu mpya zingepata matoleo mapya kwa miezi 18 iwapo kifaa kinaweza. Ahadi ile ilififia kimya kimya.

Sababu ni ya kiufundi na ya kibiashara. Google wakimaliza toleo la Android, mtengenezaji wa prosesa hana budi kulirekebisha lipatane na prosesa yake, kisha mtengenezaji wa simu aliongezee mambo yake, kisha mara nyingine kampuni ya mtandao ilipime. Kila hatua ni mishahara ya watu. Kwa simu iliyouzwa shilingi elfu nane, faida yake iliisha siku uliyoilipa dukani. Nani atalipa mishahara hiyo? Mwaka 2017, na Android 8.0, Google walianza kutenganisha sehemu ya mfumo na sehemu ya mtengenezaji ili kazi ipungue. Mwaka 2019, na Android 10, wakaanza kusasisha vipande vya mfumo moja kwa moja kupitia duka lao. Ni kazi nzuri isiyo na picha za kupendeza jukwaani, na ndiyo sababu hukuisikia.

Nitakupa mfano mmoja uone uzito wake. Kila tovuti salama ina cheti, na simu yako ina orodha ya watoaji vyeti inaowaamini. Orodha hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mfumo. Bila toleo jipya, haiongezeki jina. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bila malipo kwa mamilioni ya tovuti, lilitangaza Novemba 2020 kwamba karibu theluthi moja ya simu za Android duniani zilikuwa na toleo la chini ya 7.1, zisizolitambua jina lake jipya. Theluthi moja! Tovuti nyingi mno zingewafungia mlango. Wakaokolewa na jambo la ajabu: Android haikukagua tarehe ya kuisha ya wale watoaji wakuu inaowaamini, kwa hivyo cheti cha mtoaji wa zamani kingeweza kuendelea kumdhamini mpya. Daraja hilo lilidumu mpaka 2024. Na Android 14, iliyotoka Oktoba 2023, ndiyo iliyowezesha orodha hiyo kusasishwa bila kungoja toleo jipya la mfumo. Hakuna aliyepiga makofi ukumbini kwa sababu yake. Kwangu mimi ni kipengele kikubwa kuliko kamera kumi.

Kosa langu

Nimewalaumu wakubwa vya kutosha. Sasa nijilaumu mimi.

Mwaka 2020, nikiwa nimetoka chuo na shahada yangu bado inanukia wino, niliandika programu ndogo ya kuweka hesabu za chama: nani amechanga, zamu ya nani kupokea, nani anadaiwa. Vyama vichache vya sokoni vilianza kuitumia. Nikaamua kuipendezesha. Nikachukua maktaba ya kuchora picha zinazotembea, ili programu ikifunguliwa sarafu zidunde kidogo kabla ya ukurasa wa kwanza. Maktaba ile ilitaka Android 5.0 kwenda juu. Nikabadilisha namba moja kwenye msimbo, nikazima toleo la zamani kwenye seva, nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi mweka hazina wa chama kimoja akanipigia. Simu yake ilikuwa na Android 4.4.

"Mwanangu, simu yangu imekosa nini? Inasema haifai."

Nilimwambia, na aibu bado inanichoma, "Mama, simu hiyo imezeeka. Itabidi ununue nyingine."

Aliniuliza bei. Nilipomtajia akanyamaza, halafu akasema, "Na pesa za wenzangu ziko humo. Nitawaambiaje?"

Nilirekebisha ndani ya siku mbili. Nikaondoa sarafu zinazodunda, nikarudisha ile namba, nikafungua toleo la zamani. Kati ya watumiaji niliokuwa nao, 11 walikuwa wamefungiwa nje, na sikuwa nimewahesabu kabla ya kubadilisha. Kumi walirudi. Yeye hakurudi. Alikuwa ameshanunua daftari, na daftari, aliniambia kwa upole, haliishiwi na toleo.

Tangu siku ile, kabla sijapandisha namba ile, huwa nahesabu kwanza watu walio chini yake. Wakati mwingine bado inabidi kuipandisha, kwa sababu mfumo wa zamani una mianya ya wezi na siwezi kumlinda mtu humo. WhatsApp wenyewe waliiacha Android 4.4 tarehe 1 Januari 2025, na nadhani walikuwa na sababu. Lakini kuna tofauti kati ya kumwacha mtu kwa sababu huwezi na kumwacha kwa sababu ya sarafu zinazodunda.

Orodha yangu ya mwaka huu

Mambo yanabadilika. Oktoba 2023 Google waliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8, na Januari 2024 Samsung wakafuata na Galaxy S24. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 inataka simu na tableti mpya zipatiwe masasisho ya mfumo bila malipo kwa angalau miaka 5 tangu kifaa kiache kuingizwa sokoni. Hizo za miaka 7 ni simu za bei ya ng'ombe, najua. Na kanuni ya Ulaya ni ya Ulaya. Lakini kikokotoo nacho kilianza kwa kuombwa.

Kwa hiyo orodha yangu ina jambo moja. Sitaki dirisha jipya wala kibodi yenye akili zaidi. Nataka simu ya shilingi elfu kumi inayouzwa leo barabara ya Luthuli ije na tarehe iliyoandikwa kwenye boksi: "Itasasishwa mpaka mwaka fulani." Ukiwa na tarehe, unaweza kulinganisha simu mbili. Wanunuzi wakianza kulinganisha, wauzaji wataanza kushindana.

Na wewe unaweza kuanza leo. Fungua mipangilio ya simu yako, nenda sehemu inayoeleza habari za simu, tafuta toleo la Android na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Kama tarehe hiyo imepita mwaka, usiweke programu kutoka nje ya duka, na pesa zako zichunge zaidi. Na ukienda kununua nyingine, muulize muuzaji swali hilo kabla hujauliza kamera ina megapikseli ngapi. Huenda hajui. Uliza tu. Akiulizwa na watu mia, ataenda kutafuta jibu.